Kabichi Iliyonisomesha

Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye kabichi, na ya kidato cha sita pia. Shamba lenyewe liko Mtae, chini kidogo ya kijiji, kwenye mteremko ambao mgeni huushuka akishikilia nyasi na bibi yangu huushuka akiwa na debe kichwani. Asubuhi mawingu yakishatawanyika unaiona nyika ya Mkomazi kule chini, tambarare na kavu, na unaelewa kwa nini wazee wetu waliamua kukaa juu huku.

Bibi alilima mahindi na maharage hapo tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Kabichi ilikuja na shule. Kabichi ikikomaa, lori linapakia jioni, alfajiri mzigo uko sokoni Dar es Salaam, na fedha inarudi taslimu. Mahindi hayana tabia hiyo. Kwa hiyo shamba la mahindi likawa la kabichi, kisha kabichi tena, kisha mahindi msimu mmoja wa kupitisha njaa, kisha kabichi.

Nimeanza na deni hili makusudi. Makala hii ni ya lawama, na sitaki mtu adhani ninalaumu nikiwa nimesimama mahali safi.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilirudi nyumbani likizo, nikashuka shambani na bibi. Kabichi ilikuwa imevunwa, zamu ya mahindi imefika. Mabua ya zamani yalikuwa yamezagaa kingoni na magugu yamesimama kati ya mistari. Nikamwambia, "Bibi, shamba hili chafu. Kusanya haya yote uchome, tifua mpaka chini udongo uwe laini, halafu weka DAP ya kutosha." Maneno hayo sikuyatunga, niliyatoa kwenye daftari langu la darasani. Bibi alinitazama kidogo akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, mjukuu wangu." Akachukua jembe.

Alifanya yote niliyosema, isipokuwa DAP ilikuwa nusu ya niliyotaja kwa sababu fedha nayo ilikuwa nusu. Mahindi yalichipua, yakafika magotini, kisha majani yakageuka zambarau. Rangi hiyo ni kilio cha mahindi yaliyokosa fosforasi. Baridi ya milimani nayo huweza kuileta, kwa hiyo sitaapa mahakamani kwamba ushauri wangu ndio uliofanya kazi hiyo. Ninachojua ni kwamba kila nilichomwambia kilikuwa pigo kwa kiumbe ambacho daftari langu halikuwa limekitaja hata mara moja.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ni mizizi. Unachukua mizizi myembamba ya mahindi, unaichemsha kwenye dawa kali mpaka iwe kama kioo, kisha unaitia wino wa kalamu uliochanganywa na siki. Ndiyo, siki ile ya jikoni. Ukiusuuza, mzizi unabaki karibu mweupe, na kilichokuwa kimejificha ndani yake kinabaki bluu. Chini ya hadubini unaona nyuzi zikipita kati ya seli, na ndani ya seli zenyewe vichaka vidogo vyenye matawi mengi. Mara ya kwanza nilipoviona nilidhani nimeharibu sampuli.

Hizo ni kuvu. Nyumbani nikisema "fangasi", shangazi anaangalia vidole vyangu vya miguu, kwa hiyo nimejifunza kueleza polepole. Kuvu hizi haziozeshi mzizi. Hazina majani, haziwezi kujipikia, hivyo mmea unazilisha sukari: kati ya asilimia 4 na 20 ya kile unachotengeneza kwa jua. Zenyewe zinalipa kwa fosforasi na zinki. Malipo haya si madogo, kwa sababu fosforasi haitembei. Naitrojeni husafiri na maji, lakini fosforasi hukaa iliposhikwa, na kwenye udongo mwekundu wenye tindikali kama wetu hushikwa sana na chuma na alumini. Mzizi hula iliyo jirani yake kabisa, milimita moja au mbili, halafu unabaki na njaa huku chakula kikiwa hatua chache mbele. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huvuka eneo hilo lililokwisha liwa, huenda sentimita kadhaa mbele na kupita kwenye vitundu ambavyo mzizi hauingii.

Ushirika huu una umri mkubwa kuliko mahindi na kuliko sisi. Mabaki yake yamekutwa kwenye mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400. Mwaka 1885, mjini Berlin, mwanasayansi Albert Bernhard Frank aliuita ushirika wa kuvu na mizizi kwa jina la mikoriza, ingawa yeye alikuwa akiutazama kwenye miti. Mwaka huohuo, Berlin hiyohiyo, Karl Peters alipewa hati ya kuimiliki nchi yetu kwa jina la kampuni yake. Nautaja mwaka huo ili nikumbushe kwamba elimu hii si ya jana. Imekuwepo muda wote ambao wataalamu wamekuwa wakipanda milima yetu kutufundisha kulima.

Tuangalie basi tunavyoitendea kuvu hii, tukianza na jembe. Nyuzi zake zimetandaa udongoni kama wavu. Mahindi machanga yakiukuta wavu mzima, yanajiunga nao na kula mara moja. Yakiukuta umekatwakatwa, yanasubiri uanze kufumwa upya, na mahindi hayana muda wa kusubiri. Kule Guelph, Kanada, watafiti walionyesha jambo hili wazi miaka ya 1980 na 1990: mahindi machanga kwenye udongo uliovurugwa yalipata fosforasi pungufu kuliko yale yaliyopandwa kwenye udongo ulioachwa ulivyo.

Moto wa mabua hauendi chini sana, na sitaki kuutia chumvi. Hasara yake kubwa huja baadaye: udongo unabaki uchi, mvua ya masika inaukuta hivyo, na kwenye miteremko ya Usambara udongo wa juu, ule wenye uhai mwingi, ndio unaoondoka kwanza.

Mbolea ya kupandia ina hadithi ya kipekee. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali mizizini ya kuziita kuvu. Ukishiba, huacha kuita. DAP ina asilimia 46 ya fosfeti. Ukiiweka pale inapohitajika, umeusaidia mmea. Ukiimwaga kila msimu bila kupima udongo, unalipa fedha ili mmea usiite tena fundi ambaye angefanya kazi hiyo kwa malipo ya sukari.

Na kabichi? Kabichi haina mikoriza. Ukoo wake wote, pamoja na sukuma wiki, figiri na koliflawa, uliachana na ushirika huu zamani. Shamba likikaa na kabichi tupu, iliyopaliliwa ikawa safi kabisa, kwa kuvu hizi ni sawa na mji usio na mlango hata mmoja wa kubisha. Msimu mmoja zinavumilia, zikiwa mbegu udongoni na kwenye mizizi ya magugu. Misimu miwili, mitatu mfululizo, zinapungua. Halafu tunapanda mahindi pale, yakizubaa tunasema shamba limechoka. Queensland, Australia, wakulima walilijua tatizo la namna hiyo kwa miaka mingi: shamba lililopumzishwa muda mrefu likiwa tupu, bila mmea wowote, lilitoa mazao dhaifu yenye njaa ya fosforasi na zinki, kinyume na matarajio yao. Mwaka 1987 ikaelezwa kwamba kuvu zilikuwa zimekufa kwa kukosa mwenyeji.

Sasa lawama yenyewe. Haya yote yako vitabuni. Kwa nini basi hayakuwa kwenye daftari langu, na kwa nini hayamo kwenye midomo ya wengi wanaomshauri mkulima?

Jibu langu ni kwamba tumefundishwa kuuona udongo kama mfuko. Unapima kilichopungua mfukoni, unanunua, unajaza. Ripoti ya maabara inataja tindikali, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kuhusu kama kuna kiumbe hai chini ya jembe, haisemi neno. Sera nazo zimejengwa hivyohivyo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 hadi kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na kwa miaka mingi maendeleo ya kilimo yakapimwa kwa kilo hizo. Walipokutana tena Nairobi mwezi Mei 2024, afya ya udongo iliingia kwenye jina la mkutano. Ni hatua. Lakini kuingia kwenye jina la mkutano na kuingia kwenye ushauri anaopewa bibi wa Mtae ni safari mbili tofauti.

Sipingi mbolea. Ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23, bei zilipokuwa zimepaa, iliwafikia watu ambao bila hiyo wasingeweka hata kijiko. Kuvu haitengenezi fosforasi, inaifuata ilipo. Kwenye udongo ambao fosforasi haipo kabisa, au imeondoka na mavuno ya miaka 40, kumwambia mkulima "amini kuvu" ni kumdhihaki. Ninachopinga ni ushauri uleule wa mfuko uleule kwa kila shamba, kana kwamba shamba lililotoka kwenye maharage na lililotoka kwenye kabichi mara tatu ni kitu kimoja.

Wako wataalamu watakaonicheka. Mwaka 2018 Megan Ryan na James Graham walichapisha makala kwenye jarida la New Phytologist wakisema ushahidi ni mdogo mno wa kumfanya mkulima wa nafaka ashughulike na wingi wa kuvu hizi. Wenzao waliwajibu mwaka uliofuata, na mjadala haujaisha. Niliisoma makala yao nikiwa nimekasirika, nikairudia nikiwa nimetulia, na nakiri ina nguvu. Lakini hoja yao imesimama zaidi kwenye mashamba ya kibiashara ya ngano, ambako mbolea ya fosforasi imewekwa kwa miongo mingi. Mkulima wa namna hiyo akipoteza kuvu, ana akiba udongoni. Bibi akipoteza kuvu, ana kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa kila shimo, mwaka ambao fedha ipo. Hesabu ya tajiri na hesabu ya maskini hazifanyiki kwenye ukurasa mmoja.

Kuna na kundi la pili, wale wanaouza kuvu kwenye pakiti. Wanakubaliana na kila nilichosema, kisha wanafungua begi. Kwao napenda kuwakumbusha mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009, ambao ulijaribu zaidi ya bidhaa 100 za aina hii na nyinginezo Ethiopia, Kenya na Nigeria, na nyingi hazikumletea mkulima faida ya maana. Ukipeleka kuvu za pakiti kwenye shamba linaloendelea kutifuliwa na kupandwa kabichi tupu, umepeleka wageni kwenye nyumba iliyowaua wenyeji. Kuvu za Mtae ziko Mtae tayari. Kinachotakiwa ni kuacha kuziua, na hicho hakina pakiti, ndiyo maana hakina wa kukitangaza.

Kundi la tatu ni langu mwenyewe: sisi wahubiri wa kilimo hifadhi. Usitifue, usichome, funika udongo, badilisha mazao. Tunayasema kwa sauti ya amri, na Usambara ina kumbukumbu ndefu ya amri. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuokoa udongo bonde la Mlalo, si mbali na kwetu. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, asiyelima akaadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, lakini kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na hakuna aliyewauliza wenye migongo. Wasambaa walikataa, upinzani ukaungana na siasa za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. Wapo waliolima matuta ya serikali wakiwa watoto, na bado wanalitamka neno hilo kwa ladha chungu.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wenye fikra wa Usambara, alionyesha kwamba watu hawa walikuwa na maneno yao ya kujadili jambo hili muda wote huo: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu. Maneno hayo yalihusu mvua, utawala na shibe kwa pamoja. Mtawala aliulizwa anaiponya nchi au anaiharibu. Nadhani swali hilo linafaa kuulizwa kwa mshauri wa kilimo pia, na mimi sitakwepa foleni.

Nikiulizwa mimi, lazima nianze na ng'ombe. Ninaposema "acha mabua shambani", namwambia bibi amnyime chakula ng'ombe aliyefungwa bandani, ambaye maziwa yake yananunua sabuni na samadi yake ndiyo mbolea pekee isiyokopwa. Ninaposema "usitifue", palizi yote iliyokuwa ya jembe inahamia kwenye mgongo wake, au kwenye dawa ya magugu anayotakiwa kuinunua. Ninaposema "punguza kabichi", nazungumza na mtu ambaye kabichi ilimlipia mjukuu. Ushauri ambao haujui nani atalipa gharama yake ni amri tu iliyovaa koti la maabara.

Kwa hiyo madai yangu ni machache, na mengi hayamwelekei mkulima.

Kwanza, wanaofundisha maafisa ugani wawafundishe mazao gani yanaalika kuvu na yapi hayaaliki. Orodha ni fupi na inaingia kwenye kiganja. Mahindi, maharage, viazi, karoti, nyanya, vitunguu na hoho yanaalika. Kabichi na ukoo wake haualiki. Kwa Lushoto, wilaya inayolisha Dar es Salaam mboga, kutojua hili ni aibu ya kitaaluma.

Pili, kabla ya kumwambia mtu aweke DAP, muulize shamba limetoka kwenye zao gani. Swali hilo ni la bure. Mahindi yanayofuata kabichi ndiyo yanayohitaji msaada wa fosforasi mapema. Yanayofuata maharage huenda yakahitaji kidogo. Kipimo cha udongo nacho kiwe karibu na kwa bei anayoiweza mwenye ekari moja.

Tatu, tuache kuita kingo za shamba uchafu. Tangu miaka ya 1980 mradi wa kuzuia mmomonyoko, SECAP, ulihimiza majani ya guatemala kwenye mistari ya kontua. Bibi anayo hadi leo, anamkatia ng'ombe. Nyasi hizo zinaalika kuvu, na mizizi yake haiguswi na jembe mwaka mzima. Katikati ya shamba la kabichi, ule mstari ndio kijiji cha mwisho cha kuvu. Nilimshauri auchome.

Nne, kati ya kabichi na kabichi uingie msimu mmoja wa maharage na mahindi pamoja, mashimo yachimbwe pale tu mbegu inapokaa, na mtu alipie pengo la fedha la msimu huo. Tunajua kutoa ruzuku ya mfuko. Sijawahi kuona ruzuku ya msimu.

Dai hili la nne limenifika nyumbani. Mdogo wangu ameanza chuo mwaka huu, na mjomba amepanga kabichi kwa mara ya tatu mfululizo. Nilishuka naye shambani, nikaeleza yote haya, nikachora hata vichaka vya bluu kwenye vumbi kwa kijiti. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Haya mahindi yako yatalipa ada?" Nilinyamaza. Mtu aliyesomeshwa na kabichi hana jibu la haraka kwa swali hilo.

Bibi ndiye aliyeamua, akiwa ameketi kwenye ukingo. Theluthi ya juu, iliyo karibu na majani ya guatemala, iwe mahindi na maharage, bila kutifuliwa, bila kuchomwa. Iliyobaki iwe kabichi. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba palizi ya theluthi ile ni yangu. Nimepalilia mara mbili sasa, kwa mkono, na viganja vimetoka malengelenge ambayo hayakuwa kwenye andiko langu la utafiti.

Nimeng'oa miche mitatu kutoka juu na mitatu kutoka kwenye mistari michache ya mahindi ambayo mjomba aliisia pembeni mwa kabichi. Iko kwenye chupa, inasubiri wino na siki. Miche sita haithibitishi kitu, na msimamizi wangu atanikumbusha hivyo. Bibi naye amenipa sharti lake: nikishaona, nipige simu nimwambie yeye kwanza, kabla sijawaandikia wenzangu.